Kabla hujanunua rola ya tanga la mbele

Kila Kusi (upepo wa msimu utokao kusini) inapoanza kupungua nguvu, hunijia mtu pale gatini Shela, kisiwani Lamu, na simu mkononi, akinionyesha picha ya rola ya tanga, kifaa cha kulikunjia tanga la mbele. Boti yake ni ya faiba, futi 20 au 24, kainunua kwa wageni waliotia nanga hori la Kilifi, na sasa amechoka kwenda omo (mbele ya boti) kulitua tanga kila upepo ukibadilika. Swali lake ni moja: "Hii itafaa?" Nami humuuliza mambo matatu ambayo picha haiwezi kuyajibu. Waya wako wa mbele una unene gani? Pini inayoushika pale chini ina unene gani? Na kule kileleni, henza (kamba ya kutwekea tanga) inatokea mahali gani? Wengi huwa wamekwisha kuchagua rangi na kampuni, lakini hayo matatu hawajayapima.

Tuanze na kifaa chenyewe. Katika mashua na jahazi zetu tanga hufungwa kwenye foromali, mti unaolishika kwa juu. Upepo ukizidi hatulikunji, tunalitua na kutweka jingine dogo. Boti za namna ya Ulaya zina matanga mawili: kubwa lililo nyuma ya mlingoti, na la mbele lililopanda kwenye waya unaotoka omo hadi kileleni. Waya huo, ambao nitauita waya wa omo, ndio unaouzuia mlingoti usianguke nyuma. Kwa kawaida tanga la mbele hushikizwa kwenye waya huo kwa vifungo, kimoja kimoja, na wa kulishusha hana budi kupiga magoti omo, kitambaa kikimchapa uso na gubeti ikichota maji.

Rola humwondolea safari hiyo. Chini kuna ngoma iliyozungushiwa kamba. Juu ya ngoma inapanda reli ndefu ya alumini au plastiki, imeuvaa ule waya, na ina mfereji ambamo ukingo wa mbele wa tanga huingizwa. Karibu na kilele kuna kichwa cha vipande viwili: kipande kimoja kimefungwa kwenye henza na hakitakiwi kugeuka, cha pili kimefungwa kwenye tanga na hugeuka pamoja na reli. Ukiwa umekaa tezi (nyuma ya boti) ukavuta kamba ya ngoma, reli inageuka na tanga linajiviringisha kama jamvi. Ukiilegeza ukavuta demani (kamba ya tanga, si msimu), tanga linafunguka.

Jambo la kwanza la kuamua ni kama unataka kukunja tu, au unataka pia kupunguza. Watu huyachanganya haya mawili, na ndipo pesa zinapopotea. Rola za kwanza zilizoenea, huko Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, zilikuwa za kukunja tu. Hazikuwa na reli. Tanga lilishonewa waya kwenye ukingo wake na likajizungusha lenyewe, limefunguka lote au limekunjwa lote. Za aina hiyo zinauzwa hadi leo kwa boti ndogo za mchana, ni nyepesi, na bei yake ni nafuu. Lakini ukijaribu kuliacha tanga nusu, ncha ya juu huchelewa kugeuka kuliko ya chini, katikati pakajaa kama gunia, na ngoma ikabeba mzigo isiotengenezewa. Mtu akikuambia ana rola ya bei rahisi ya boti ya futi 22, muulize kwanza kama ina reli.

Hata yenye reli ina mpaka wake. Makadirio ya mafundi wengi wa matanga ni kwamba unaweza kulipunguza tanga kwa asilimia 30 hivi na likabaki na umbo la kufaa. Jenoa (tanga la mbele lililo pana) ambayo upana wake ni asilimia 130 ya nafasi iliyopo kati ya mlingoti na waya wa omo itakunjika vizuri hadi karibu asilimia 100. Ukizidisha hapo, kitambaa cha katikati kinabaki kimelegea na tumbo linatokea, boti inalala ubavu badala ya kwenda mbele. Kuna dawa ya kiasi: kushonea utepe wa sifongo kwenye ukingo wa mbele, mnene katikati na mwembamba kwenye ncha, ili katikati pakunjike kwa haraka zaidi na lile tumbo linyonywe. Inasaidia, lakini haigeuzi tanga la utulivu kuwa tanga la Kusi.

Kwa Lamu jambo hili lina uzito wake. Kutoka Shela kwenda bahari kuu wakati wa Kusi, upepo unakuja usoni, mlango ni mwembamba kati ya Shela na Ras Kitau ya kisiwa cha Manda, na huna budi kubisha, yaani kwenda mshazari ukiukabili upepo, unageuza, unageuza tena. Jenoa ya asilimia 150 iliyokunjwa nusu haibishi. Kwa hiyo mimi humshauri mtu wa hapa akate tanga la asilimia 110 au pungufu kidogo, hata kama wakati wa tanga mbili (msimu kati ya Kusi na Kaskazi, si matanga), pepo zinapokuwa dhaifu na hazina uelekeo, atatamani kitambaa zaidi. Siku hizo atafika amechelewa, lakini atafika.

Sasa vipimo. Waya wa omo wa boti za ukubwa huu aghalabu ni wa nyuzi 19, wenye unene wa milimita 4, 5 au 6. Reli lazima iwe na tundu la waya huo, na kiungo cha chini cha rola lazima kiwe na tundu la pini yako. Waya wa milimita 5 mara nyingi huenda na pini ya karibu milimita 10, ule wa milimita 6 na pini ya milimita 12 hivi, lakini boti zilizotoka Marekani hupimwa kwa inchi, na tofauti ya nusu milimita inatosha kukukwamisha siku nzima. Usikisie. Chukua kipimo cha kubana, pima waya, pima pini, kisha pima urefu kutoka pini ya chini hadi pini ya juu. Urefu wa boti alioandika muuzaji kwenye jedwali lake ni dalili tu. Boti mbili za futi 22, moja nzito na moja nyepesi, hazina waya mmoja.

Jambo la tatu ndilo ninalolishikilia kuliko yote, kwa sababu lilikaribia kunivunjia mlingoti.

Ilikuwa mwezi wa saba. Tulikuwa watu watatu tukirudi kutoka nje, Kusi nyuma yetu, mawimbi yakipanda pale mlangoni. Tanga kubwa tulikwisha kulitua. Nikavuta kamba ya rola, ikaja mizunguko minne au mitano, kisha ikagoma. Mwenzangu, kijana mwenye nguvu, akaishika kamba akataka kuizungusha kwenye winchi. Mzee tuliyekuwa naye, nahodha wa jahazi tangu ujana wake, ambaye rola hakuwahi kuimiliki, akamshika mkono. "Usivute, mwanangu," akasema, na kwa Kiamu chake akaongeza, "Tizama yuu."

Tukainua macho. Henza ilikuwa imejizungusha kwenye waya wa omo kama mmea utambaao unavyojisokota mtini, mara mbili nzima, chini kidogo ya kilele. Kile kipande cha kichwa kisichotakiwa kugeuka kilikuwa kinageuka pamoja na reli. Lau tungevuta kwa winchi, nguvu zote zingeingia kwenye ule waya, nao ungesokotwa hadi ukatike, na mlingoti ungelala juu yetu pale pale mlangoni. Tukafanya kinyume: tukalifungua tanga taratibu, mzunguko kwa mzunguko, hadi henza ikajisokotoa, tukaingia ndani na tanga lote likiwa limejaa, tukatia nanga upande wa Manda penye utulivu, ndipo tukalishusha. Kesho yake nilipandishwa kileleni. Nyuzi mbili kati ya zile 19 zilikuwa zimekatika, ncha zake zimechomoza, zikanichana kidole.

Aliyeifunga rola ile alikuwa fundi mzuri wa mambo mengi, ila hapo hakupima. Henza ilitokea kileleni karibu mno na waya, ikashuka sambamba nao. Vitu viwili vinavyokwenda sambamba, kimoja kikigeuka, msuguano mdogo tu unatosha kumvuta mwenzake. Kanuni ni kwamba kutoka kwenye kichwa cha rola kwenda juu, henza iachane na waya kwa pembe ya nyuzi (digrii) 8 hadi 10. Kwa mtu asiye na kifaa cha kupimia pembe, ni hivi: kwa kila sentimita 10 za urefu, henza iwe imeachana na waya kwa sentimita moja na nusu. Kama kichwa kiko sentimita 50 chini ya mahali henza inapotokea, nafasi kati ya henza na waya hapo juu iwe kama sentimita 7 au 8.

Ukikuta haitoshi, zipo njia mbili. Ya kwanza ni kufunga kwenye uso wa mlingoti kijiroda (puli ndogo) au kipande cha chuma cha kuisukuma henza nyuma, kikiirudisha karibu na mlingoti kabla haijateremka kwenye kichwa. Ni kitu kidogo na bei yake si kubwa. Ya pili inahusu tanga fupi. Tanga lisipofika juu, kichwa kinabaki chini, na henza ndefu iliyo wazi inakaribia waya. Hapo unaongeza kipande cha kamba ngumu au waya kati ya ncha ya tanga na kichwa, ili kichwa kifike mahali pake hata kama tanga lenyewe limeishia chini. Wanaonunua matanga ya mtumba huisahau hii ya pili.

Kuna rola zinazokwepa tatizo hili lote. Zile za kampuni ya CDI ya Marekani, zilizokusudiwa boti ndogo, zina reli ya plastiki na henza yake yenyewe inapita ndani ya reli, ikageuka pamoja nayo. Hakuna kichwa cha juu cha kugeuka, kwa hiyo pembe ya henza kileleni haina kazi tena. Unachotakiwa ni kuiweka henza ya zamani mbali isije ikanaswa. Reli hiyo huja imeviringwa, na inabidi kuianika juani hadi inyooke, kazi ambayo kwa jua la Lamu si ya kutwa. Kasoro yake ni kwamba plastiki hujipinda. Unapovuta kamba chini, juu kunachelewa kidogo, na tanga lililopunguzwa halikai imara kama kwenye alumini. Kwa boti ya futi 18 hadi 22 inayozunguka kati ya Shela, Manda na Takwa, mimi naiona inatosha kabisa. Kwa mwenye nia ya kwenda Kiwayu au kushuka Malindi, ningetafuta alumini.

Tukija kwenye alumini, mafundi waligawanyika njia mbili kuhusu beringi, na hapa hali yetu ya chumvi na mchanga ndiyo inayoamua. Harken ya Marekani hutumia gololi za plastiki ngumu zilizo wazi. Maji yanaingia na kutoka, na dawa yake ni kuzisuuza kwa maji matamu, bila grisi. Profurl ya Ufaransa ilichukua njia nyingine: beringi za chuma zimefungiwa ndani ya grisi kwa mipira ya kuziba, na mwenye boti hana la kufanya humo. Furlex ya Seldén, ya Sweden, huuzwa pamoja na waya mpya wa omo, na hilo ni jambo la maana ikiwa waya wako una umri usiojulikana.

Mwaka mmoja niliifungua ngoma ya gololi za wazi juu ya jamvi nyumbani. Mwenyewe alikuwa ameijaza grisi, kwa nia njema, akidhani anaitunza. Nilipoinua kifuniko sikuona gololi hata moja. Kulikuwa na uji mweusi, mzito, na ndani yake ule mchanga mweupe wa matuta ya Shela unaopeperushwa na Kusi, ukimeta. Nikachukua mswaki wa zamani na sabuni ya kufulia, nikaosha, zikaanza kudondoka moja moja kwenye bakuli. Mtoto wa jirani alikwisha kujichukulia tatu, maana gololi ni gololi, nikamwomba anirudishie. Baada ya kusuuza na kukauka, ngoma ilizunguka kwa kidole kimoja. Hakuna kipuri kilichonunuliwa.

Kwa sababu hiyo, ukiniuliza, kwa mtu anayekaa hapa na anayeitumia boti yake kila wiki, gololi za wazi ndizo bora. Ndoo ya maji matamu baada ya safari inatosha, ingawa najua maji hayo ya visima vya Shela ni mali ya kisiwa kizima na hayafai kumwagwa ovyo. Lita tano zikimiminwa polepole zinafika kila mahali. Rola ya kuzibwa inamfaa mwenye boti anayekuja mara mbili kwa mwaka. Itavumilia miaka bila mkono wa mtu. Ila mpira wa kuziba ukichakaa, chumvi ikaingia kwenye chuma, kifaa hicho hakifunguki kwa mswaki, na kipuri kinaagizwa kutoka mbali.

Juu ya tanga lenyewe: likishapata rola haliwi lile lile. Vifungo vinatolewa, ukingo wa mbele unashonewa utepe wenye kamba ya kuingia kwenye mfereji wa reli, aghalabu milimita 5 au 6, na urefu unapunguzwa kwa sababu ngoma na kichwa vimekula nafasi. Weka gharama ya mshonaji kwenye hesabu tangu siku ya kwanza. Kisha jua. Tuko karibu nyuzi 2 tu kusini ya ikweta, na tanga lililokunjwa linabaki juu mchana kutwa, mwaka mzima, ukingo wake wa nyuma na wa chini ukiwa nje. Pasipo mkanda wa kinga ulioshonwa kwenye kingo hizo mbili, dakroni, kitambaa chenyewe cha tanga, itakuwa ikichanika kwa ukucha. Kabla ya kushona mkanda, hakikisha ngoma inageuka upande gani, maana ukishonwa upande usiofaa utakunjika ndani na kukinga kitambaa ambacho hakihitaji kukingwa.

Kamba ya ngoma nayo ina hesabu zake. Ikiwa nene sana ngoma inajaa kabla tanga halijaisha kukunjika. Ikiwa nyembamba sana inakata viganja. Mafundi huchukua kamba ya tabaka mbili, milimita 8, wakautoa moyo wake kwenye ile sehemu inayokaa ndani ya ngoma, wakauacha kwenye sehemu inayoshikwa. Iingie ngomani ikiwa imenyooka pembe mraba na reli, isije ikajilundika upande mmoja. Na unapolifungua tanga, usiiachie kamba ikimbie. Ishike kidogo iingie imebana. Mikwamo mingi inayolaumiwa rola inaanzia hapo.

Kitu kimoja kinanitia wasiwasi juu ya rola zote, nzuri na mbaya: zinauficha waya. Waya ulio wazi unauona kila siku ukipita. Ulio ndani ya reli hauonekani, na kiungo chake cha chini kimezama ndani ya ngoma, mahali chumvi inapopenda kutuama. Mafundi wengi hushauri waya ubadilishwe kila baada ya miaka kama 10. Kwa joto na chumvi ya huku mimi singefika huko bila kuuteremsha na kuutazama. Skrubu za chuma cha pua zinapoingia kwenye alumini zipakwe dawa ya kuzitenga, ama zitashikana na siku ya kuzifungua utalazimika kuzitoboa kwa drili.

Wapo ambao nawaambia wasinunue. Boti ya futi 16, tanga la mbele ambalo mtu mmoja analishika kwa mikono miwili, haihitaji ngoma wala reli. Funga kamba nyembamba kwenye ncha ya juu ya tanga, ishuke kando ya waya, ipite kwenye kijiroda pale omo, irudi hadi ulipokaa. Ukilegeza henza na kuivuta kamba hiyo, tanga linashuka lenyewe na kubanwa kwenye sitaha, nawe hujainuka. Gharama yake ni kamba na roda moja, na hakuna linaloweza kukwama kileleni.

Mwenye rola tayari, ukiiacha boti nangani, zungusha hadi demani zilizungukie tanga mara tatu, kisha funga kamba ya ngoma kwenye chuma imara, usiiachie kibano peke yake. Tanga likifunguka lenyewe usiku wa Kusi, mtu hayupo, hupigapiga hadi linachanika na huweza kuikokota boti na nanga yake. Ukijua utakaa zaidi ya wiki mbali, lishushe kabisa, likunje, uende nalo nyumbani.